Afande Pini, Mtu wa Chini ya Daraja

Tarehe thelathini mwezi huu, Afisa Mteule tunayemwita Pini atavua sare baada ya miaka thelathini na mitatu katika kikosi cha madaraja, na kikosi kizima kitashusha pumzi. Nasema hivyo kwa upendo. Mkuu wa kikosi amenipa nafasi katika programu ya sherehe hii, akaniagiza niandike maneno ya heshima na ya kuchangamsha, na zaidi ya yote nisilalamike. Nikamjibu ndiyo, afande. Lakini jamani, mimi ndiye niliyeendesha lori la kwanza juu ya kila daraja la Pini kwa miaka kumi na tisa. Nisipolalamika mimi, atalalamika nani?

Kwa wageni wetu waalikwa, sisi si wale wa mizinga. Hatujawahi kuteka mji wala hatuna bunduki ya adui ya kutundika ukutani. Mto ukibeba daraja la watu, ndipo tunapokumbukwa. Tunafika na vipande vyetu vya chuma, tunaviunganisha ukingoni kwa pini nene, tunalisukuma daraja zima juu ya magurudumu mpaka ncha yake iguse ng'ambo, tunatandika mbao, magari yanapita. Baadaye mkandarasi akishamaliza daraja la zege, tunafungua letu, tunapakia, tunaondoka. Hapabaki hata msumari. Ndiyo maana kamati ya historia, iliyopewa kazi ya kuandaa maonyesho ya miaka hamsini ya kikosi sambamba na kumuaga Pini, imekonda. Kabati la vioo limeletwa, limefutwa vumbi, na hadi juzi ndani yake kulikuwa na kikombe kimoja cha mashindano ya kuvuta kamba, tena tulikuwa washindi wa pili.

Pini alijiunga akiwa kijana mwembamba aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Akapanda hadi koplo, akawa sajini, hatimaye afisa mteule, na katika vyeo vyote hivyo hakubadilisha neno lake moja. Wengine husalimia kwa habari za asubuhi, yeye husema “Pini!” Maana yake umezikagua pini zako? Hata kama uko kwenye foleni ya chai na huna pini yoyote karibu. Siku ya harusi ya karani wetu, wakati mzee wa upande wa bibi harusi anatoa nasaha, Pini alikuwa amepiga magoti nyuma anatikisa nguzo ya hema. Akakuta boliti imelegea. Akasimamisha nasaha. Watu mia mbili na bibi harusi tukabaki tukimtazama bwana mkubwa akikaza boliti na ulimi umemtoka pembeni.

Halafu kuna spana zake. Ukitaka kuazima spana ya Pini unaacha kiatu. Si jina wala sahihi, kiatu. Anasema mtu anaweza kusahau spana lakini hawezi kusahau kwamba anatembea na soksi. Nimewahi kufanya kazi nusu siku nikiwa na buti la mguu mmoja, na mkuu wa kikosi wa wakati ule akapita na wageni. Na kuna filimbi. Mlio mmoja sukuma, miwili simama, mitatu mjinga fulani ameacha kifaa njiani. Aliipuliza kazini, akaipuliza kambini mtu akiacha bomba linamwaga maji, akaipuliza nyumbani kwake kuita watoto kula, mpaka mkewe, shemeji yetu, akaipiga marufuku kupita mlango wa sebule.

Lazima niseme na hili, ingawa linaniuma kulisema: hakuna daraja lake hata moja lililomwangusha mtu. Wasimamizi wote tulionao leo amewafundisha yeye, na wote wanampigia kelele kila mtu kuhusu pini. Ameharibu kizazi kizima.

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe. Kikosi chetu kilikuwa na desturi ya tangu kuanzishwa. Daraja likikamilika, msimamizi aliyelifunga anashuka chini yake, anasimama pale chini kwenye maji au matope, na hapo ndipo lori la kwanza linapita juu likiwa na mzigo kamili. Maana yake haihitaji mkalimani: kama nimefanya kazi kwa uzembe, niwe wa kwanza kuumia. Wasimamizi wengine waliitimiza kistaarabu. Walisimama pembeni kabisa, penye ukavu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, wanatabasamu. Pini alikwenda katikati. Maji ya magotini katikati, maji ya kifuani katikati, na mto ukiwa na kina aliingia na boti, akaifunga kwa kamba kwenye chuma, akasimama ndani yake mikono nyuma kama anasubiri kinyozi amalize na mwenzake.

Watu walimpigia makofi aliye chini. Aliye juu, nani alimuuliza hali? Lori langu ni la tani kumi. Mbao zilikuwa zinalia moja moja chini ya matairi, na chini ya hizo mbao alikuwepo rafiki yangu, aliyekula kwangu kuliko ninavyokula mimi, aliyempakata mtoto wangu wa kwanza hospitali akamsalimia kwa “Pini!” Daraja likikatika, taarifa itaandikwa kwamba daraja limekatika. Lakini shemeji angeandika nini moyoni mwake? Kwamba nilimkanyaga mume wake kwa lori. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia mbele ya padri na mbele ya imamu wa kikosi. Kila mara jibu lake lilikuwa kwamba niachie klachi taratibu zaidi.

Kuna daraja moja la bondeni sitalisahau. Nimefika katikati, nikasikia kah! chini yangu, na lori likatikisika. Nikasimamisha gari, nikaita jina lake la ubatizo, ambalo nilikuwa hata sijui kama nalijua. Chini kukatoka mlio mmoja wa filimbi: sukuma. Nikavuka kwa machozi, nikaruka chini, nikakimbia hadi majini kutafuta maiti yake. Nikamkuta amesimama ameshika jeki yangu. Jeki ndiyo iliyoanguka, kwa sababu mimi, dereva, sikuifunga vizuri. Alicheka hadi jioni. Kantini nzima ikasimuliwa. Sikuongea naye wiki nzima, na nadhani hakugundua.

Kamati ya historia ilipoomba picha za madaraja, tukatoa masanduku. Ikawa kichekesho. Kila picha ina mgeni rasmi na mkasi, ina utepe, ina lori na mimi ndani nina uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji. Pini hayumo. Miaka yote hiyo, kila uzinduzi alikuwepo, na hayumo. Tulipata moja tu ambayo inaonyesha bereti kati ya chuma na maji. Karani wa kamati akauliza kama huyo ni mtu aliyekuwa akizama, na kama kuna aliyemwokoa.

Mwaka jana tukaletewa mkuu mpya wa kikosi. Ni mama mhandisi, mpole wa sauti, na akisema jambo hasemi mara mbili. Aliona lori langu likipita juu ya kichwa cha Pini mara moja tu. Jioni ile ile amri ikatoka: hakuna mtu kusimama chini ya mzigo, desturi au si desturi. Nusura nimpigie saluti mbili. Wastaafu wakapiga simu kulalamika kwamba historia ya kikosi inafutwa. Niliowapokea mimi niliwaambia waje wasimame wao. Na Pini? Alisema ndiyo, afande, akageuka, akatoka. Kwa wiki kadhaa hakumsalimia mtu kwa pini. Kambi ikawa na utulivu wa ajabu, na sikuupenda.

Miezi miwili iliyopita mto ukabeba daraja la barabara ya hospitali ya wilaya. Hili ndilo likawa daraja la mwisho la Pini. Mvua ilinyesha muda wote wa kazi, na filimbi nayo haikupumzika. Tulipotandika ubao wa mwisho, lori langu lilikuwa tayari limepakiwa mitungi ya oksijeni. Ng'ambo gari la hospitali lilikuwa limefungua milango ya nyuma, na muuguzi amesimama kando yake bila mwavuli. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba mitungi waliyobaki nayo wodini haitafika jioni, na kwamba wawili kati ya wanaoitegemea ni watoto wachanga. Pini akamwendea mkuu wa kikosi, akapiga saluti, akasema daraja liko tayari. Kisha akarudi nyuma, akasimama ukingoni kama watu wengine. Chini ya daraja kulikuwa na maji ya tope tu.

Nikawasha. Nikasogea hadi matairi ya mbele yakagusa ubao wa kwanza. Mguu ukagoma.

Nisieleweke vibaya. Hiki ndicho kitu nilichokipigania miaka kumi na tisa: njia nyeupe, hakuna mtu chini. Ningepaswa kupita naimba. Lakini nilitazama mbele nikaona vyuma tu, na mto uliokuwa umebeba daraja la zege kama ganda la ndizi. Siku zote nilikuwa nasema naogopa kwa ajili yake. Kumbe nilikuwa navuka kwa ajili yake. Kama Pini yuko chini, basi hili litanibeba. Hiyo ndiyo hesabu yote niliyowahi kupiga. Sasa hayupo chini, na mguu wangu, mguu wa sajini wa usafirishaji, umekaa juu ya pedali kama si wangu.

Mkuu wa kikosi akaja dirishani. Akaniambia kwa utulivu kwamba amelikagua mwenyewe. Nikasema ndiyo, afande, na lori halikusogea. Akamtazama dereva wa lori la pili. Yule bwana akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Mama wa watu akaanza kuvua koti la mvua apande aendeshe yeye. Aibu niliyoisikia siwezi kuipima. Ng'ambo muuguzi alikuwa ameinua mikono anauliza kuna nini.

Hapo Pini akaja. Mkuu wa kikosi akamwambia hapana kabla hajafungua mdomo, maana sote tulijua anataka kuomba nini. Pini akatikisa kichwa. Akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kiti kile. Siku zote alipanda nyuma na spana zake. Akahangaika na mkanda, mkanda ukamshinda, akauacha. Akasema, “Twende.”

Nikaingiza gia. Tukapanda daraja. Nikageuka kumtazama nipate moyo, na nilichokiona kilinitoa moyo wote uliobaki. Macho ameyafumba kwa nguvu. Jasho linamtiririka na nje ni baridi. Mkono mmoja ameng'ang'ania mpini wa mlango, wa pili ameufinya kwenye paja langu, na midomo inatetemeka, pini, pini, pini, kila tulipopita maungio, bila kukosea hata moja na macho yamefungwa. Tulipofika katikati akaniuliza kama tumefika. Nikasema bado. Akasema, “Niambie tumefika hata kama hatujafika.” Basi nikamwambia tumefika. Nikaendelea kumwambia tumefika, tumefika, afande, tumefika, na mimi mwenyewe nimesahau kuogopa kwa sababu nilikuwa na mtu mzima wa kubembeleza, mpaka matairi yakagusa udongo.

Muuguzi hakuwa na muda wa kutushukuru, na alifanya vizuri. Mitungi ilishushwa, gari likaondoka mbio. Baadaye tulipata habari kwamba wale watoto walivuka usiku ule salama. Pini alishuka kwenye lori, akatembea hatua chache, akakaa chini kwenye tope kama mtoto. Nikadhani ni moyo. Nikamfungua vifungo vya kola, nikampepea kwa bereti. Ndipo akaniambia.

Hawezi kuvuka daraja. Si lile tu, daraja lolote lile; safarini hujilaza nyuma ya lori kati ya spana zake, chini ya turubai, asione maji. Daraja lake la kwanza, akiwa koplo, alipiga hatua tatu juu ya mbao, akaona maji kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, miguu ikafa. Akashuka chini akijifanya anakagua pini. Sajini wake akamkuta kule chini wakati lori linapita, katikati kabisa, akamsifu mbele ya kombania nzima kwamba huyu ndiye kijana anayeiheshimu desturi. Sasa angesema nini? Tena akaniambia chini hakumtishi hata kidogo. Chini anaiona kila pini, anajua kila moja imekaa vipi, anaweza hata kusinzia. Juu ndiko kunakomuua. Kwa hiyo kila daraja alilojenga alisimamia kutoka ukingoni, na kama kulikuwa na kazi ng'ambo alikwenda kwa boti au kwa miguu majini, na sisi sote, maafisa kwa askari, tukasema tazama jinsi anavyopenda kukagua.

Msomaji mpendwa, naomba usimame nami hapa kidogo. Miaka kumi na tisa! Nimepoteza usingizi, nimepata vidonda vya tumbo, nimepigana na mke wangu kwa sababu ya kuota nakanyaga watu, na bwana huyu kumbe alikuwa kule chini amejificha! Nilimweleza maneno ambayo programu hii haiwezi kuyachapa. Nilimtukana nikiwa nimesimama, nikamtukana nikiwa nimechuchumaa, nikatafuta mengine. Alinisikiliza akiwa amekaa vile vile kwenye tope, akasema nina haki yote, akaomba maji ya kunywa. Alipokwisha kunywa akatazama ng'ambo tulikotoka, alikokuwa kila mtu, akaniuliza kwa sauti ndogo atarudije. Hapo nikacheka. Nilicheka nikakaa naye kwenye tope, tukashikana mabega, na mkuu wa kikosi akatuma boti.

Wiki iliyopita nilimuuliza shemeji kama alikuwa anajua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua jua huchomoza. Akasema nyumbani kwake taa ikiungua ni yeye anayepanda kwenye stuli, na mume wake kazi yake ni kushika miguu ya stuli na kutoa amri. Alidhani kikosi kizima kinajua. Akaongeza kwamba sisi wanaume tunaweza kuishi pamoja miaka ishirini tukajuana saizi za viatu tu.

Pini mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti kwamba programu hii igawiwe akishakabidhi sare, ili asipigiwe saluti na watu wanaocheka. Mkuu wa kikosi ameyasoma, akafuta mstari mmoja aliosema ni wa kantini, akaacha mengine.

Na kwa kuwa kamati ya historia inanisumbua kila siku nitaje tendo la ushujaa la kuingizwa katika miaka hamsini ya kikosi, nalitaja hapa ili waniache. Mara zote tulizompigia makofi akiwa chini, afande hakuwa anaogopa chochote. Kwa makofi yale atuombe radhi. Alikuwa shujaa mara moja, akiwa amebakiza miezi miwili astaafu, kwenye kiti cha abiria cha lori langu, macho ameyafumba, kwa sababu mimi nilishindwa na watoto wa watu walikuwa wanangoja.

Afande Pini, asante kwa kila kitu, pamoja na viatu ulivyonivua. Kikosi kinakushukuru, madereva wote wanakushukuru, na mimi bado nimekukasirikia. Nenda ukapumzike na shemeji, uamke saa unayotaka, ule ushibe, uone wajukuu. Na huko uendako ukikuta daraja, pita chini kama ulivyozoea. Ukilazimika kupita juu, nipigie simu, saa yoyote. Nitakuja nikuambie tumefika.